Takataka za Nyumba Yetu Zinakwenda Wapi?

Kila asubuhi, katika miji yetu yote, mama wa nyumba anashika ufagio. Anafagia chumba, anafagia baraza, anafagia uwanja mpaka penye njia. Uwanja unapendeza, majirani wanamsifu, na wageni wanaopita wanasema: «Hapa panakaa watu wenye adabu.» Sifa hiyo ni ya haki. Lakini leo tunataka kuuliza swali ambalo watu hawaliulizi mara nyingi: zile takataka zilizofagiwa zimekwenda wapi?

Tena yuko baba anayejenga. Amevunja ukuta wa zamani ili aongeze chumba kwa ajili ya watoto wake. Kazi imekwisha, rangi imepakwa, mafundi wamelipwa. Sasa vipande vya matofali, udongo, mbao zenye misumari na mifuko mitupu ya simenti havionekani tena uani. Vimekwenda wapi?

Wasomaji wapenzi, takataka hazifi kwa sababu zimetoka machoni petu. Zimehama tu. Na mahali zilipohamia pana watu, pana maji, pana watoto. Ndiyo maana tumeona vema kuzungumza na jamaa zetu juu ya jambo hili ambalo wengine wanalidharau: kupeleka takataka za nyumba na za ujenzi mahali pake panapostahili, yaani jalalani.

Mzigo wa jamaa moja

Watu wengi wanadhani takataka za nyumba moja ni kitu kidogo: maganda ya ndizi na viazi, vikonyo vya sombe, majivu ya makala, sashe mbili tatu, kopo la nyanya. Basi tufanye hesabu, kama tulivyofundishwa darasani. Mwaka 2018 Benki ya Dunia ilitoa kitabu juu ya takataka za ulimwengu mzima. Imeandikwa humo kwamba, katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, mtu mmoja hutupa kwa wastani karibu gramu 460 kwa siku. Kwa hiyo jamaa ya watu 7 inatupa kilo 3 na zaidi kwa siku, kilo 22 kwa juma, na zaidi ya kilo 1,100 kwa mwaka. Uzito huo unapita ule wa mifuko 22 ya simenti ya kilo 50. Ni baba gani atakayesema kwamba mzigo huo ni kitu kidogo, kama angeambiwa aubebe kichwani?

Sasa tuzidishe. Mji wenye watu milioni moja unatoa tani 460 kila siku. Kamio yenye kubeba tani 10 ingepaswa kwenda na kurudi mara 46 kwa siku, Jumapili pia, mwaka mzima bila kupumzika. Nasi tunajua kwamba katika miji yetu mingi kamio hizo hazipo, au zipo mbili tatu tu, na moja imelala gereji. Mzigo usiobebwa na kamio hubebwa na nani? Hubebwa na mvua.

Bukavu na mlango wa ziwa

Mji wa Bukavu unatuonyesha jambo hili wazi kuliko mingine. Umejengwa juu ya vilima, na penye ziwa Kivu umenyosha rasi zake majini kama vidole vya mkono. Wasafiri wanausifu kwa ajili ya uzuri huo. Lakini uzuri wa mlima na ziwa una sharti lake: kila kinachoachwa juu kitashuka chini. Mvua ikinyesha Kadutu, maji yanateremka kwa nguvu katika mifereji na mito midogo, yakibeba sashe, chupa za plastiki, viatu vilivyochakaa, nguo mbovu na maganda. Yote yanafika ziwani. Ndiko wavuvi wanakotega sambaza, na ndiko watu wengi wanakoteka maji ya kuoga na kufulia, hata ya kunywa.

Na ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, ndio mto Ruzizi, ambao unaanzia pale pale Bukavu. Kwa hiyo takataka zinazoelea, zikisukumwa na upepo na mkondo wa maji, zinakusanyika kwenye mlango huo. Tena karibu na mlango huo liko bwawa la umeme la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mbele kidogo liko la pili, Ruzizi II, lililoanza kazi mwaka 1989 kwa faida ya nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi.

Tueleze kwa maneno mepesi namna bwawa linavyofanya kazi. Maji yanaingizwa katika mifereji mikubwa, yanashuka kwa nguvu, yanazungusha gurudumu la chuma, na mzunguko huo unazaa umeme. Kabla ya kufika penye gurudumu, maji yanapita katika chujio la vyuma, ili mti au jiwe lisiingie na kuvunja mtambo. Takataka zikiziba chujio, maji hupungua. Maji yakipungua, gurudumu hulegea, na umeme hupungua mjini. Zikipenya ndani, mtambo wenyewe huumia. Hayo si mfano tu. Mwanzoni mwa mwaka 2023 mojawapo ya mitambo ya Ruzizi I ilipata hasara kwa sababu ya takataka, na wafanyakazi wa bwawa wanajua kazi ngumu ya kuzitoa majini, wengine kwa mashine, wengine kwa kupiga mbizi.

Basi yule aliyetupa sashe mferejini jioni, kisha akanung'unika usiku kwamba umeme umekatika, anamlalamikia nani? Mkono wake mwenyewe umesaidia kuzima taa yake. Na si taa yake peke yake. Umezima pia taa ya mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa serikali, mashine ya msagaji wa unga, na friji ya zahanati inamowekwa chanjo ya watoto.

Wala safari haiishii bwawani. Ruzizi inateremka mpaka ziwa Tanganyika, karibu na Uvira. Maji ya Tanganyika yanatoka Kalemie kwa mto Lukuga, yanaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo inayokuwa mto Kongo na kufika baharini. Chupa moja iliyotupwa Bukavu inaweza kupita nchi nzima kutoka mashariki hata magharibi. Watu wa mtoni wote ni jirani zetu, hata kama hatujui majina yao.

Mabaki ya ujenzi

Takataka za ujenzi zina ubaya wake wa namna nyingine. Haziozi, nazo ni nzito mno. Meta moja ya ujazo ya saruji iliyovunjwa na kushindiliwa vema inaweza kupita uzito wa tani 2. Ndiyo sababu mwenye kujenga anatafuta mahali pa karibu, na mahali pa karibu mara nyingi ni korongo au ukingo wa mto. Anajifariji akisema: «Hili ni jiwe na udongo tu. Vimetoka ardhini, vinarudi ardhini.»

Asema kweli nusu. Jiwe halina sumu, lakini jiwe linaziba. Korongo ni njia ambayo maji yamejichagulia tangu zamani. Ukiijaza vifusi, maji hayatarudi mbinguni. Yatatafuta njia nyingine, na njia hiyo itapita nyumbani mwa mtu. Tena vifusi visivyoshindiliwa havishikani. Mvua kubwa ikija vinateleza vyote kwa pamoja, vikivuta udongo ulio chini yake. Kule Bukavu watu wanajua maana ya ardhi inayotembea: kartiye ya Funu na sehemu za jirani zimekaa juu ya mteremko mkubwa ambao wataalamu wameupima na kuona kwamba unaendelea kusogea. Mahali kama hapo, kuongeza mzigo juu ya mteremko au kuziba mfereji ni kucheza na maisha ya watu.

Goma kuna shida nyingine. Ardhi yake ni mawe ya volkano. Mlima Nyiragongo ulimwaga moto wake mjini mwaka 2002, na mwaka 2021 ulifika tena katika vitongoji vyake. Katika mawe hayo kuchimba shimo la takataka ni kazi ya nyundo na jasho jingi. Kwa hiyo ushauri wa kusema «kila mtu achimbe shimo lake» haufai kila mahali. Kila mji unahitaji jalala la wote, lililochaguliwa kwa akili.

Jalala ni nini?

Hapa lazima tuondoe kosa moja. Lundo la takataka kando ya soko si jalala. Ni uchafu uliokusanyika tu. Jalala lililotengenezwa vema ni kazi ya ufundi kama daraja au hospitali. Kwanza, linachaguliwa mbali na chemchemi, na mto, na nyumba za watu. Chini yake unatandikwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa sana, au turubali nene ya plastiki, ili maji machafu yanayochuruzika ndani ya takataka yasifikie visima. Maji hayo hukusanywa kwa mifereji na kusafishwa. Penye mlango kuna mlinzi na mzani, na kila kamio inaandikwa. Kila siku takataka mpya zinasambazwa, zinashindiliwa, na kufunikwa kwa udongo, ili nzi, panya na mbwa wasizichezee. Tena, kwa kuwa vitu vinavyooza bila hewa hutoa gesi ya metani inayowaka moto, mabomba yanawekwa ili gesi hiyo itoke bila hatari.

Na tena jalala lina kipimo chake. Likijaa, lifungwe, na lingine lifunguliwe. Penye kusahau sheria hiyo, msiba uko karibu. Huko Addis Ababa, mwezi wa Machi 2017, lundo la Koshe liliporomoka juu ya nyumba za maskini waliokaa kando yake, wakafa watu zaidi ya 100. Huko Kampala, tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, jalala la Kiteezi liliporomoka vivyo hivyo. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha, na watoto walikuwa miongoni mwao. Jalala hilo lilikuwa limefunguliwa mwaka 1996, na lilikuwa limejaa tangu zamani. Wahenga walisema: ukiona cha mwenzako kinanyolewa, chako tia maji.

Tusisahau pia sumu isiyo na kelele. Kule Nairobi kuna jalala la Dandora, ambalo takataka zimemwagwa tangu miaka ya 1970. Mwaka 2007 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilitangaza uchunguzi uliofanywa kwa watoto 328 wanaokaa na kusoma karibu na mahali hapo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kipimo kilichokubaliwa. Risasi hiyo inatoka katika vitu kama betri na rangi za zamani, nayo inaharibu akili ya mtoto anayekua. Mtoto wa Dandora hakutupa betri hizo. Zilitupwa na watu walioziona zimekwisha kazi, wakafikiri kwamba zimekwisha nguvu.

Kazi inaanza nyumbani

Wengine wakisikia hayo watakata tamaa: «Sisi ni watu wadogo. Tutengeneze jalala kwa mikono gani?» Jibu letu ni hili: hatukuombwi kujenga jalala, tumeombwa tusipeleke huko vitu visivyostahili kwenda, na vile vinavyostahili tuvipeleke kwa namna nzuri. Tupange vitu vyetu katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyooza: maganda, majani, mabaki ya chakula, nyasi. Katika nyumba zetu fungu hili mara nyingi ni karibu nusu ya mzigo wote, au linapita nusu. Hilo si takataka hata kidogo. Ni mbolea ambayo bado haijaiva. Penye nafasi ya shimo au ya sanduku la mbao uani, yawekwe humo tabaka kwa tabaka: majani mabichi, majani makavu, udongo kidogo. Ligeuzwe kila baada ya majuma mawili, libaki na unyevu bila kulowa. Baada ya miezi mitatu hata sita, mama atapata udongo mweusi kwa bustani yake ya lengalenga na vitunguu. Na mzigo wake wa jalalani utakuwa umepungua karibu nusu.

Fungu la pili ni vitu vyenye bei: chuma, makopo, bidoni, chupa nzima, karatasi ngumu, mabati ya zamani. Katika kila mji wako watu wanaovinunua. Vitengwe vikiwa safi. Mtu anayepekua takataka zetu kwa mikono mitupu ili apate kopo moja ni binadamu kama sisi. Tukimpa kopo hilo likiwa limetengwa, tumemwondolea kidonda.

Fungu la tatu ni vitu vyenye hatari: mawe ya redio na ya tochi, betri za motokari, oili iliyotumika, dawa zilizopitwa na wakati, sindano, vioo vilivyovunjika, makopo ya rangi na ya dawa ya wadudu. Visitupwe katika shimo la bustani, wala visichomwe. Sindano na dawa zirudishwe zahanati. Betri ya motokari irudishwe kwa aliyeiuza au kwa fundi anayejua kazi hiyo. Vioo vifungwe katika boksi gumu, na aliyebeba aambiwe. Nyumba nyingine za zamani zina paa la asbesto. Paa hilo lisivunjwe kwa nyundo wala kukatwa kwa msumeno, kwa maana vumbi lake likiingia kifuani huleta ugonjwa wa mapafu baada ya miaka mingi. Lilowanishwe kwa maji, lishushwe zima zima, lifungwe katika plastiki nene, na lizikwe mahali patakapoonyeshwa na wakubwa wa mji.

Fungu la nne ndilo linalobaki: vitambaa vibovu, sashe, plastiki isiyonunuliwa, vumbi, mavi ya kuku yaliyochanganyika na uchafu. Hilo ndilo la kwenda jalalani. Jamaa iliyopanga vema itaona kwamba gunia lililokuwa likijaa kila juma, sasa linajaa baada ya majuma mawili.

Kwa mwenye kujenga, kanuni ni ile ile. Vipande vya matofali na mawe vinafaa chini ya sakafu ya chumba kipya, au kwa kuimarisha njia yenye matope, ikiwa wenye njia wamekubali. Misumari ing'olewe kwenye mbao, mbao zitumike tena. Udongo mzuri wa juu utandazwe bustanini. Kabla ya kupatana bei na fundi, baba aulize: «Na vifusi, nani atavipeleka, wapi, na kwa franka ngapi?» Bei hiyo iingie katika hesabu ya nyumba kama bei ya mabati. Nyumba ambayo vifusi vyake viko katika mfereji wa jirani haijamalizika, hata kama inang'aa.

Safari ya jalalani

Mzigo ukiisha kupangwa, ubebwe kwa heshima. Gunia lifungwe mdomo. Toroli au kamio ifunikwe kwa turubali, ili tusipande takataka njia nzima. Abebaye avae viatu vilivyofunika vidole, na mikono yake ifunikwe. Aende mchana, penye macho ya watu. Afikapo, amwage pale alipoonyeshwa na mlinzi, si penye mlango kwa sababu amechoka.

Hapa tunataka kusema neno gumu kidogo. Katika miji yetu kuna desturi ya kumwita kijana mwenye toroli, au mtoto wa jirani, na kumpa franka chache: «Ondoa hizi.» Mwenye nyumba haulizi zinakwenda wapi. Kijana naye anajua kwamba jalala liko mbali, na kwamba franka alizopewa hazitoshi hata kwa nusu ya njia. Giza likiingia, anamwaga mtoni. Ni kosa la nani? Watu watamtukana kijana. Sisi twasema kwamba aliyelipa bei ya mtoni amenunua mto. Angetaka jalala, angelipa bei ya jalala. Tumwulize mbebaji jina lake na mahali anapomwaga. Siku moja tumfuate tukaone kwa macho yetu. Na tumpe mshahara wa kazi aliyoifanya kweli. Na mtoto mdogo asitumwe kamwe kubeba vitu hivyo usiku. Mtoto anajifunza kwetu mambo mawili kwa siku moja: kubeba, na kuficha.

Wengine watasema…

«Kuchoma ni rahisi zaidi.» Ndiyo, ni rahisi kwa mchomaji. Lakini moshi wa plastiki una sumu, nao unaingia kwanza katika mapafu ya mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mama yake.

«Hiyo ni kazi ya serikali.» Ni kweli kwamba serikali ina deni hapa, na tusiache kulidai. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kukaa katika mazingira yenye afya. Lakini kifungu hicho hicho kinaongeza kwamba kila mtu ana wajibu wa kuyatetea. Haki na wajibu vimewekwa katika mstari mmoja, kama wake na waume katika nyumba moja. Vilevile, tarehe 30 Desemba 2017 ilitolewa amri ya kukataza kutengeneza, kuingiza na kuuza sashe za plastiki nchini mwetu. Je, zimekwisha sokoni? Kila mama anayetoka kununua chumvi anajua jibu. Rwanda ilikataza mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019, nao wamefika mbali kutupita. Sheria bila watu wa kuishika ni kama daftari lisilosomwa.

«Kulipa kila mwezi ni mzigo.» Tuangalie kilichotokea Kinshasa. Kwa miaka kadhaa mpango ulioitwa PAUK, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, ulikusanya takataka katika komini nyingi za mji mkuu na kuzipeleka jalala la Mpasa. Fedha hizo zilipokwisha mwaka 2015, malundo yakarudi barabarani upesi. Hilo linatufundisha kwamba usafi wa kupewa huondoka na mtoaji. Usafi tunaoulipia wenyewe, hata kwa kidogo, tutaulinda. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini wanaokusanya fedha hizo nao waonyeshe hesabu zao wazi mbele ya watu wa kartiye, kwa sababu mtu akiona franka zake zimepotea mara moja, hatatoa mara ya pili.

«Sisi peke yetu tutabadilisha nini?» Wazee wetu wanakumbuka salongo ya wakati wa Zaire, na majirani zetu wa Rwanda wana umuganda wao kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kazi ya pamoja tunaijua. Nyumba kumi za avenyu moja zinaweza kukubaliana toroli moja, mbebaji mmoja, siku moja ya juma, na bei moja. Hakuna haja ya kungoja barua kutoka mjini.

Neno la mwisho

Wahenga wanasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa miji yetu ni ule mfereji mdogo nyuma ya nyumba, ambamo kila jioni kinatupwa kitu kidogo. Ukuta tutakaolazimika kuujenga ni bwawa lililoharibika, mteremko ulioporomoka, wodi ya kipindupindu iliyojaa.

Jamaa ikijua kutenga maganda na plastiki, kumlipa mbebaji kwa haki, na kumwuliza fundi juu ya vifusi, imefanya kazi ya maendeleo isiyohitaji hotuba. Jumamosi hii, baba na mama, iteni watoto wenu uani. Wekeni vyombo vinne: ndoo ya maganda, kikapu cha vitu vya kuuza, boksi la vitu vya hatari, na gunia la jalalani. Waelezeni watoto kila chombo na sababu yake. Kisha mkubwa wao aende pamoja na baba na mwenye toroli mpaka jalalani, mchana, aone kwa macho yake mahali takataka za nyumba yake zinapolala. Akirudi, awaeleze wadogo zake.

Jumapili, mgeni akipita akasema: «Hapa panakaa watu wenye adabu,» sifa hiyo itakuwa ya kweli mbele ya mlango, na pia nyuma ya nyumba.